Kuchunguza Sehemu za Ndani za Injini ya Trekta Iliyochakaa

Katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki yangalipo matrekta yaliyotengenezwa kabla ya wazazi wa wanafunzi wa leo kuanza shule. Moja lililoenea sana ni Massey Ferguson 135, ambalo lilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1964, na aghalabu huendeshwa na injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu. Trekta la namna hii likizeeka, dalili zake hujulikana na kila dereva: asubuhi halitaki kuwaka, moshi wake ni wa bluu, linakula oili, na likifungwa jembe linalegea. Ndipo mwenye trekta huambiwa kwamba injini haina budi kushushwa.

Injini ikishafunguliwa, mara nyingi uamuzi hufanywa kwa kukisia. Wapo wanaonunua vipuri vyote vipya, hata vile ambavyo vya zamani vingalifaa kwa miaka mingi. Wapo pia wanaobadili ringi za pistoni peke yake kwa kuwa ndizo rahisi, na baada ya msimu mmoja moshi wa bluu hurudi. Wote wawili wamepoteza fedha, na huyu wa pili huenda akapoteza na mvua za kupandia. Makala haya yanaeleza njia ya tatu, nayo ni kupima. Kila sehemu iliyolika inaweza kupimwa, na namna ilivyolika huonyesha kilichoila.

Kwa nini chuma hulika

Jina la injini inayozungumziwa hapa, AD3.152, lenyewe linaeleza ukubwa wake. Tarakimu 3 ni idadi ya silinda, na 152 ni jumla ya ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani kiasi cha lita 2.5. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 91.4, na mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu ni milimita 127.

Kutokana na vipimo hivyo mwanafunzi anaweza kukokotoa kazi inayofanywa na ringi. Kila krankishafti inapozunguka mara moja, pistoni hupanda na kushuka, hivyo husafiri milimita 254. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni husafiri mita 508 kwa dakika, au zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Katika siku ya kulima ya saa nane ringi huteleza juu ya ukuta wa silinda kiasi cha kilomita 244, umbali unaozidi safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Baada ya saa 5,000 za kazi zitakuwa zimesafiri kilomita 152,000, yaani karibu mara nne ya mzingo wa dunia.

Safari hiyo ndefu haidhuru sana iwapo kati ya ringi na ukuta pana utando wa oili usiokatika. Lakini utando huo ni mwembamba mno. Unene wake hupimwa kwa elfu za milimita. Chembe ngumu yenye unene unaozidi ule wa utando ikiingia, hugusa chuma pande zote mbili na kukikwaruza. Vumbi la shambani lina chembe nyingi za kwatzi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs hupewa daraja la 7, ambapo almasi hupewa 10. Chuma cha kalibu kinachotumika kutengeneza silinda ni laini kuliko kwatzi. Kwa hiyo vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa.

Injini nayo huvuta hewa nyingi. Katika injini ya mipigo minne kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, lita 2.5 huvutwa mara 1,000, yaani lita 2,500 kwa dakika au mita za ujazo 150 kwa saa. Hiyo ni hewa yote ya darasa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3. Kiasi halisi hupungua kidogo kwa sababu silinda haijai kabisa, lakini mfano watosha kuonyesha kwa nini chujio la hewa lina umuhimu mkubwa katika maisha ya trekta.

Kutazama kabla ya kuosha

Kosa la kwanza la fundi mwenye haraka ni kuosha kila kitu mara tu injini inapofunguliwa. Uchafu ni ushahidi. Vumbi lililoganda ndani ya bomba la hewa baada ya chujio huonyesha kwamba chujio limepitwa. Tope jeusi katika sufuria ya oili huonyesha kwamba oili haikubadilishwa kwa wakati. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa huonyesha kwamba maji yamepenya. Vipande vya chuma vilivyonaswa katika kichujio cha pampu ya oili huonyesha kwamba kuna sehemu iliyovunjika au beringi iliyomeguka.

Jambo la pili ni kuweka alama. Kila pistoni, konrodi na kifuniko chake hutiwa namba ya silinda yake na upande ulikoelekea. Vifuniko vya konrodi na vya beringi kuu vilichongwa vikiwa vimefungwa mahali pake, hivyo havibadilishani nafasi. Vali na tapeti nazo hupangwa kwa utaratibu, mathalani katika kipande cha ubao kilichotobolewa matundu.

Baada ya hapo sehemu huoshwa kwa mafuta ya taa au dizeli, mahali penye hewa na pasipo moto. Petroli isitumike, kwa kuwa mvuke wake hulipuka upesi. Sehemu zikishakauka huachwa zote kivulini kwa saa kadhaa ziwe na joto moja. Sababu yake ni hii: chuma chenye kipenyo cha milimita 70 kikiongezewa joto la nyuzi 20 hutanuka kiasi cha milimita 0.017. Krankishafti iliyoanikwa juani ikipimwa kwa mikrometa iliyotoka kabatini, kipimo chaweza kudanganya kwa kiasi kikubwa.

Silinda na ringi zake

Ndani ya kila silinda ya injini hii mna laina, yaani neli ya chuma iliyobanwa ndani ya bloku. Laina hailiki sawasawa. Sehemu inayolika zaidi ni karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Hapo pistoni husimama kwa nukta moja kabla ya kushuka, na utando wa oili, ambao hutegemea mwendo, hukatika. Hapo pia ndipo joto na msukumo wa gesi huwa mkubwa kuliko kwingineko, na ndipo vumbi linaloingia na hewa hufika kwanza. Juu kabisa, mahali ambapo ringi haifiki, chuma hubaki kama kilivyokuwa, na hivyo hujitokeza ukingo unaoweza kuguswa kwa ukucha. Chini nako uchakavu huwa mdogo.

Karakana kubwa zina geji ya saa ya kupimia kipenyo cha ndani. Lakini shule au kijiji kisicho na kifaa hicho chaweza kutumia ringi moja na fila geji, yaani kile kipimo chenye vibamba vyembamba vya chuma ambacho kila fundi wa magari anacho. Ringi hutiwa ndani ya silinda bila pistoni, kisha husukumwa kwa kichwa cha pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa bila kuinama. Kwanza hupimwa mwanya wa ncha zake ikiwa chini, mahali ambapo laina haikulika. Halafu hupimwa tena ikiwa juu, chini kidogo ya ule ukingo.

Hesabu yake ni ile ya mzingo wa duara. Kipenyo kikiongezeka kwa kiasi fulani, mzingo huongezeka mara 3.14 ya kiasi hicho, na nyongeza yote huonekana katika mwanya wa ringi. Tuseme mwanya wa chini ni milimita 0.45 na wa juu ni milimita 1.05. Tofauti ni milimita 0.60. Ikigawanywa kwa 3.14 hupatikana milimita 0.19, nacho ndicho kiasi ambacho kipenyo cha juu kimezidi kile cha chini. Kwa injini za Perkins za aina hii, laina hubadilishwa au kuchongwa upya uchakavu unapofika milimita 0.20. Kwa hiyo silinda ya mfano huu imekaribia kabisa mwisho wa maisha yake.

Njia hii ina faida mbili. Kwanza, kosa la kusoma hupungua: anayekosea milimita 0.05 katika mwanya atakuwa amekosea milimita 0.016 tu katika kipenyo. Pili, hata ringi ya zamani yafaa, kwa kuwa kinachotafutwa ni tofauti kati ya vipimo viwili vya ringi ileile. Upungufu wake ni kwamba hutoa kipenyo cha wastani. Silinda hulika zaidi katika pande mbili zinazosukumwa na pistoni, yaani kwa kukingamana na krankishafti, hivyo huwa na umbo la yai. Ringi peke yake haiwezi kuonyesha umbo hilo. Pakiwa na shaka, bloku hupelekwa kwenye karakana yenye geji.

Sasa yaweza kufahamika kwa nini ringi mpya katika silinda iliyolika hazidumu. Katika silinda ya mfano wetu, ringi hulazimika kutanuka na kujibana kwa milimita 0.60 kila pistoni inapopanda na kushuka, mara 2,000 kwa dakika. Chuma chake huchoka, mfereji wake hupanuka, na gesi hupenya. Zaidi ya hayo, ringi mpya yenye kona kali yaweza kugonga ule ukingo wa juu na kuvunjika. Lakini tofauti ya vipenyo ikiwa milimita 0.06 tu, na kuta zikiwa hazina mikwaruzo mirefu, ringi mpya peke yake zaweza kutosha. Hapo kupima kumemwepusha mwenye trekta na gharama ya laina tatu.

Pistoni na konrodi

Pistoni hutazamwa kwanza katika mifereji ya ringi. Ringi mpya hutiwa katika mfereji uliosafishwa, na nafasi iliyobaki juu yake hupimwa kwa fila geji na kulinganishwa na kitabu cha mwongozo. Mfereji wa juu ndio hulika zaidi. Ukiwa umepanuka, ringi hucheza na kupandisha oili juu kila mpigo, hata kama laina ni mpya.

Halafu hutazamwa ubavu wa pistoni. Mikwaruzo mingi myembamba iliyosimama wima ni alama ya vumbi. Mabaka mapana yaliyosuguliwa na kuyeyuka ni alama ya joto kupita kiasi au kukosa oili. Pistoni iliyolika upande mmoja juu na upande wa pili chini huonyesha kwamba konrodi yake imepinda. Konrodi kama hiyo hupimwa katika kifaa cha kunyoosha, kwani jicho haliwezi kuona mpindo mdogo. Pini ya pistoni ikichezacheza ndani ya bushi yake, bushi hubadilishwa.

Krankishafti na beringi

Krankishafti ya injini hii hushikwa na bloku kwa shingo kuu nne, na ina shingo tatu za konrodi. Kila shingo hupimwa kwa mikrometa mahali pawili kwa urefu wake, na kila mahali hupimwa mara mbili kwa kukingamana. Vipimo vya mahali pamoja vikitofautiana, shingo ina umbo la yai. Vipimo vya mahali pawili vikitofautiana, shingo imechongoka.

Shingo ya konrodi ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 57.11 hivi. Tuseme vipimo viwili vya kukingamana vimekuwa 57.09 na 57.04. Umbo la yai ni milimita 0.05. Kiasi kinachovumiliwa kwa kawaida ni milimita 0.03 hivi, hivyo shingo hii haina budi kuchongwa. Sababu ni kwamba beringi ya duara haiwezi kuielea shingo isiyo duara. Utando wa oili huwa mnene upande mmoja na kukatika upande mwingine.

Krankishafti huchongwa kwa hatua maalumu ambazo beringi zake hupatikana madukani. Mafundi huziita kumi, ishirini na thelathini, nazo ni elfu za inchi: milimita 0.25, 0.51 na 0.76. Kabla ya kuagiza beringi, mgongo wa zile za zamani husomwa, kwa kuwa huandikwa hatua iliyokwisha kufikiwa. Krankishafti iliyofika thelathini na kulika tena kwa kawaida haina hatua nyingine. Baadhi ya krankishafti zilitiwa ugumu wa juujuu kiwandani, na hizo zikichongwa hutiwa ugumu upya. Hili laulizwa kabla ya kazi kuanza.

Beringi zenyewe zina mengi ya kueleza. Uso wake una tabaka laini ambalo humeza chembe ndogo ili zisiikwaruze shingo. Mikwaruzo ya mviringo na chembe zilizozama ni alama ya uchafu katika oili. Mng'aro wa ukingo mmoja tu ni alama ya konrodi iliyopinda au shingo iliyochongoka. Tabaka lililomeguka vipande ni alama ya uchovu wa chuma.

Kichwa cha silinda na vali

Kichwa cha silinda hupimwa unyofu kwa kuweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na kujaribu kupitisha fila geji chini yake, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe. Kilichopinda hakizibi vizuri, nayo gasketi huungua.

Nyufa hutafutwa hasa kati ya viti vya vali. Njia moja isiyo na gharama ni ya mafuta ya taa na chaki. Uso hupakwa mafuta ya taa na kuachwa ili yapenye, kisha hupanguswa hadi ukauke kabisa na kupakwa unga wa chaki. Pakiwapo ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hunyonywa na chaki, na mstari mweusi hujitokeza. Hii ni kanuni ileile ya mvutano wa kapilari inayofanya mafuta yapande katika utambi wa taa.

Vali hutazamwa uso wake, unyofu wa shina lake na mchezo wake ndani ya gaidi. Uso wenye vishimo vidogo waweza kusagwa upya. Uliochomeka hadi kingo kuwa nyembamba kama kisu hutupwa, kwani joto litaukata.

Kutafuta chanzo

Vipimo vyote vikishaandikwa katika jedwali, silinda kwa silinda na shingo kwa shingo, huulizwa swali moja: ni nini kilichoila injini hii? Laina zikiwa zimelika sana juu, na ringi za kwanza zimelika kuliko za chini, mashaka huelekezwa kwenye hewa. Ringi za oili na beringi zikiwa ndizo zilizolika kuliko ringi za kwanza, mashaka huelekezwa kwenye oili yenyewe: filta iliyoziba, oili iliyokaa mno, au pipa lililoachwa wazi ghalani. Silinda moja tu ikiwa imeharibika, hutazamwa noza yake na njia zake za oili na maji, kwani kilichoingia kwa hewa au kwa oili kingezidhuru zote tatu.

Jedwali hilo lina manufaa shuleni pia. Mwalimu wa fizikia au wa ufundi anaweza kuomba laina na ringi zilizotupwa katika karakana yoyote, na wanafunzi wakapima mianya kila baada ya sentimita mbili toka juu hadi chini, kisha wakachora grafu ya kipenyo dhidi ya kina. Mstari utapanda ghafla karibu na juu, na hapo watakuwa wameona kwa macho mahali ambapo utando wa oili hukatika.

Kwa fundi, kazi ya mwisho kabla ya kuifunga injini ni kurudi kwenye chujio la hewa. Chujio la aina ya bakuli la oili husafishwa na kujazwa hadi kwenye alama, na wakati wa vumbi hutazamwa kila siku. Bomba la mpira linalounganisha chujio na injini hukunjwa kwa mkono na kukaguliwa kama lina ufa, na klipu zake hukazwa. Bomba hilo ni la bei ndogo kuliko karibu kila kipuri kilichotajwa katika makala haya, lakini likirudishwa na ufa wake, laina mpya zitaanza kulika siku ileile trekta litakaporudi shambani.